Kabla ya Kupiga Windows

Kariakoo, Dar es Salaam, fundi wa kompyuta hupimwa kwa kasi. Mteja akifika na mashine inayoganda, swali lake la kwanza ni "bei gani?" na la pili ni "naisubiri au nirudi kesho?" Anayejibu "kaa hapo tajiri, nusu saa tu" ndiye anayepewa kazi. Fleshi inachomekwa, vitufe viwili vitatu vinabonyezwa, diski inafutwa, Windows mpya inapanda, na mteja anaondoka na mashine inayowaka chapuchapu. Kwa wengi wetu ufundi wote ni huo.

Hapa nataka kumsifu fundi wa namna nyingine. Yeye akipokea mashine hakimbilii fleshi. Anauliza maswali, anaipindua tumbo juu, anaisogeza kwenye mwanga. Anatafuta kitu ambacho mteja hakumtuma: leseni ya mfumo endeshi, ile haki ya kutumia Windows ambayo mtu fulani aliilipia siku mashine iliponunuliwa ikiwa mpya. Anataka kujua ipo wapi, ni ya aina gani na ni ya toleo lipi, kabla hajafuta hata faili moja. Upekuzi huo unaweza kumla dakika tano, unaweza kumla saa nzima, na ukiisha hauachi alama yoyote ya kujivunia. Kioo ni kilekile, kibodi ni ileile. Tofauti ni kwamba mwenye mashine hakupoteza kilichokuwa chake.

Na hapo ndipo penye uzito. Mashine nyingi zinazofika mezani kwa mafundi zina leseni halali ndani yake, na wenye nazo hawajui. Fundi mwenye haraka humwekea mteja Windows iliyochakachuliwa juu ya haki ambayo mteja tayari anayo. Ni sawa na kumwazima nguo ya wizi mtu mwenye nguo zake kabatini. Fundi mzuri hufungua kabati.

Ukitaka kumwona kazini, ingia ndani kidogo. Mitaa ya Aggrey na Likoma imeshikwa na simu, Kongo imeshikwa na nguo na wamachinga. Mafundi wa kompyuta wengi wamejibana palipobaki, ghorofa ya kwanza au ya pili, mwisho wa korido, ndani ya fremu inayogawanywa na muuza kava za simu na mwenye mashine ya fotokopi. Chini, spika ya mchuuzi inarudia bei ileile toka asubuhi, na wasukuma mikokoteni wanapiga kelele watu wapishe. Juu, meza ina mkeka wa mpira, bisibisi ndogo ndogo, brashi, blowa ya kupulizia vumbi na kibati cha skrubu.

Mashine zinazopanda ngazi hizo zina historia ndefu. Nyingi ni mtumba: zilikuwa za ofisi Ulaya au Marekani, zikauzwa kwa mafungu, zikapita Dubai, zikashuka bandarini, zikamfikia mwenye duka, kisha winga akazitembeza kwa wateja na kujiwekea cha juu. Karibu kila mkono zilimopita kuna aliyefuta diski na kuweka alichokuwa nacho. Kwa hiyo Windows unayoiona kwenye kioo haikuambii lolote la uhakika kuhusu Windows ambayo mashine ina haki nayo. Fundi makini analijua hilo, ndiyo maana haamini kioo. Anaanza kwa kuuliza.

Chukua mfano wa mama mwalimu, mtu mzima, aliyepanda ngazi na begi la mashine begani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii kompyuta inaniganda, na kona ya chini imeanza kuandika maneno. Nimeambiwa ipigwe Windows."

"Sawa mama. Uliipata wapi?"

"Mdogo wangu kaniletea, alikuwa akiitumia kazini kwao. Kwani ina tatizo?"

"Hapana mama. Nataka tu kujua imekuja na nini. Nipe muda kidogo kabla sijaifuta."

Majibu yale mafupi yameshampa fundi nusu ya njia. Maneno ya kijivu kwenye kona ya kioo yanasema Windows iliyopo haijaidhinishwa, au idhini yake imekwisha. "Kazini kwao" inasema mashine ilikuwa ya taasisi, na taasisi huwa na leseni zao za jumla ambazo hazimfuati mfanyakazi anapoondoka na mashine. Lakini mashine za ofisi huja kutoka kiwandani na leseni nyingine, ya chini kabisa, ambayo kitengo cha kompyuta cha ofisi hakikuhitaji hata kuigusa. Hiyo ndiyo inayotafutwa.

Kituo cha kwanza ni tumbo la mashine. Kompyuta zilizotoka kiwandani na Windows XP, Vista au 7 zilibandikwa stika ya uhalali yenye jina la toleo na ufunguo wa alama 25, umegawanywa makundi matano ya alama tano tano. Kwenye kompyuta ya mezani stika huwa ubavuni au juu ya kasha. Kwenye kompyuta mpakato huwa chini, palepale mapaja yanaposugua na joto linapochoma, ndiyo maana nyingi zimefutika. Katika baadhi ya mashine za kiofisi stika iliwekwa ndani ya uvungu wa betri, na fundi anayezijua huchomoa betri kwanza; mara nyingine anaikuta safi kabisa, haijaguswa na jasho la mtu.

Stika iliyofutika nusu ndiyo mtihani wa jicho, na hapa ndipo kazi inapopendeza kuitazama. Fundi hamuliki tochi kutoka juu, kwa sababu karatasi ya stika inang'aa na itamrudishia mwanga machoni. Anailaza tochi pembeni, mwanga upite juu juu ya karatasi, ili mabaki ya wino yajitokeze. Kisha anamwomba mteja simu yake na kupiga picha; simu ya mteja, si yake, ili picha ya ufunguo ibaki kwa mwenye mali. Anaikuza, anakoleza weusi, anaiweka mezani. Halafu anaanza kusoma.

Kusoma kwake hakuna kubahatisha. Funguo za Windows za enzi zile hazitumii alfabeti nzima. Zinatumia alama 24 tu: herufi B, C, D, F, G, H, J, K, M, P, Q, R, T, V, W, X na Y, na tarakimu 2, 3, 4, 6, 7, 8 na 9. Irabu hazimo hata moja. Sifuri haimo, moja haimo, tano haimo. L, N, S na Z nazo hazimo. Anayeijua orodha hiyo anasoma hata pasiposomeka. Duara lililofifia haliwezi kuwa O wala sifuri. Ni Q iliyopoteza mkia, au D, au G, au C. Kijiti kilichosimama peke yake si I wala moja. Ni T iliyokatika kichwa, au nguzo moja ya H. Kinachofanana na S ni 8 iliyoliwa ubavu, au 3. Kinachofanana na Z ni 2, basi. Kinachofanana na A kinaweza kuwa R iliyochakaa, kamwe si A.

Zinazobaki kumsumbua ni jozi ambazo zote mbili zimo kwenye orodha: B na 8, G na 6, V na Y. Hizo anaziwekea alama ya kuuliza. Akiwa na mashaka mahali pawili, kuna namna nne za kuandika ufunguo. Mahali patatu, namna nane. Anaziorodhesha kwenye karatasi na kuzijaribu moja baada ya nyingine bila kupandwa na hasira, kwa sababu ufunguo una ukaguzi wake wa ndani: ukikosea alama moja, mashine inaukataa hapohapo. Na kwa kuwa funguo za kuanzia Windows 8 zimeongezwa herufi N, fundi huyu haamui lolote kabla hajajua anasoma stika ya zama zipi.

Stika ina faida nyingine ambayo wengi hawaijui. Kwa miaka mingi ufunguo wa Windows 7 au 8 uliweza kuidhinisha Windows 10, na baadaye hata 11. Microsoft ilitangaza kuifunga njia hiyo Septemba 2023. Lakini mashine iliyopandishwa wakati njia ingali wazi ilikwishaandikishwa, na haki hiyo bado iko hai. Stika inasema iandikiwe toleo gani: palipokuwa na Windows 7 Professional patakuwa na Windows 10 Pro, palipokuwa na Home Premium patakuwa na Home. Kwa hiyo hata stika ambayo ufunguo wake umefutika wote, mradi jina la toleo linasomeka, imeshamtoa fundi gizani.

Zama hizo za stika zina mtego pia. Kuna programu ndogo za kusoma ufunguo kutoka ndani ya Windows, na fundi chipukizi huziamini kupita kiasi. Ukiendesha mojawapo kwenye mashine ya Windows 7 ya kampuni kubwa, inakupa ufunguo upesi, ila ukilinganisha na stika haviendani. Sababu ni kwamba watengenezaji wakubwa walisimika Windows kwa ufunguo mmoja wa kiwandani kwa mashine tele, nao ukakubalika kwa sababu ya alama maalumu iliyomo kwenye BIOS, programu ya msingi inayoamsha mashine hizo. Ufunguo huo ukiuandika daftarini umeandika kitu cha wote. Wa mwenye mashine ni ule wa stika.

Windows 8 ilipotoka Oktoba 2012, ufunguo ulihama kutoka kwenye karatasi na kuingia ndani. Tangu hapo mashine zinazokuja na Windows kutoka kiwandani huandikwa ufunguo wao, kila moja wake, kwenye chipu ya BIOS iliyo juu ya mazabodi, yaani bodi kuu ya mashine, ndani ya jedwali dogo liitwalo MSDM. Stika ikibaki, kwa kawaida ni ya kuthibitisha uhalali tu, haina ufunguo. Huu ndio ukweli ambao ungewaokoa wateja wengi wa Kariakoo kama wangeujua: diski ikifa, ikibadilishwa, ikifutwa mara kumi, ufunguo bado upo. Kinachouondoa ni kubadilisha mazabodi.

Kuusoma si kazi kubwa kama Windows inawaka. Fundi anafungua dirisha la amri na kuandika wmic path softwarelicensingservice get OA3xOriginalProductKey. Kwenye Windows 11 za karibuni, ambako Microsoft imekuwa ikiiondoa zana hiyo, anauliza swali lilelile kupitia PowerShell. Mstari mmoja unatokea, alama 25 na vistari vinne. Ukitokea mtupu, hakati tamaa wala hakimbilii kuhukumu. Mstari mtupu unaweza kumaanisha mashine ni ya kabla ya Windows 8, au iliunganishwa na mtu vipande vipande, au ilitoka kiwandani bila Windows, au mazabodi imewahi kubadilishwa. Kila jibu lina njia yake.

Na kama Windows haiwaki? Hapo fundi mwenye haraka anasema "imekufa, tufute tu." Fundi wetu anachomeka fleshi nyingine, yenye Linux inayowaka bila kusimikwa, Ubuntu au Mint. Diski ya mteja haiguswi. Mashine ikiamka anafungua terminali na kuandika sudo strings /sys/firmware/acpi/tables/MSDM, na kama ufunguo upo unajitokeza mwishoni mwa yale yanayosomeka. Mfumo wa bure, ulioandikwa na watu wasio na uhusiano na Microsoft, ndio unaomsomea mwalimu haki yake ya Microsoft. Kwenye fleshi hiyohiyo anaingia pia kwenye diski inayokufa na kuokoa mitihani ya wanafunzi, picha za harusi na barua za mkopo, wakati bado inasomeka.

Kuanzia Windows 10, iliyozinduliwa 29 Julai 2015, kuna namna ya tatu ya leseni, nayo ndiyo ngumu kuielewa kwa sababu haina kitu cha kushika. Inaitwa leseni ya kidijitali. Microsoft hutunza kwenye seva zake taarifa inayoitambulisha mashine, hasa mazabodi yake, pamoja na toleo inaloruhusiwa. Ukisimika upya toleo lilelile na kuunganisha intaneti, mashine inajitambulisha na kukubaliwa bila ufunguo wowote. Tatizo ni kwamba ukisoma ufunguo wa mashine ya namna hii, utaupata: unaoishia 3V66T kwa Pro, au 8HVX7 kwa Home. Fundi anayezijua namba hizo hutabasamu, kwa sababu ni funguo za wote, zinazokutwa kwenye mashine zisizohesabika duniani. Haziidhinishi chochote. Zinachosema ni hiki: haki ya mashine hii iko kwenye seva, nenda kaitazame kwenye ukurasa wa uidhinishaji, uone kama imefungwa kwenye akaunti ya mtu.

Hapo inakuja kazi ya kumuuliza mteja taratibu: "Mama, ulipoanza kuitumia ulifungua akaunti ya Microsoft? Baruapepe ipi?" Mama anafikiri, anataja aliyofunguliwa na mwanawe, neno la siri limesahaulika. Fundi anamsubiri ampigie mwanawe simu. Hayo ni mambo ya dakika ishirini ambayo hakuna atakayeyalipia, na pengine ndiyo yatakayoamua kama haki ya mama inabaki mikononi mwake mazabodi ikija kubadilishwa kesho kutwa. Leseni iliyonunuliwa dukani peke yake huweza kuhamia mashine nyingine. Ile iliyokuja na mashine hufa na mazabodi yake. Fundi mkweli anamwambia mteja ni ipi kati ya hizo mbili, hata kama jibu halipendezi.

Kisha anakwenda kwenye amri inayofichua uongo. Anaandika slmgr /dli na kusoma aina ya leseni iliyopo: ya kiwandani, ya rejareja, au ya jumla. Akiandika slmgr /xpr anaambiwa kama idhini ni ya kudumu au ina tarehe ya kwisha. Tarehe ikiwepo, hadithi imekamilika. Mashine zinazotumia leseni ya jumla ya aina ya KMS hupewa idhini ya siku 180, na hutakiwa kuwasiliana na seva ya taasisi yao ili iongezwe. Mashine ya ofisi iliyoondoka ofisini haiioni tena seva hiyo. Na programu nyingi za kuchakachua hufanya mchezo uleule: zinajifanya seva ya taasisi, zinaidanganya Windows kila siku zinapokwisha. Ndiyo maana mteja anarudi baada ya miezi kadhaa akisema Windows "imeisha muda," na fundi mwenye haraka anampigia nyingine ya namna ileile, kwa malipo mengine.

Wengi hukutana na programu hizo bila kujua masharti yake. Kabla ya kuanza kazi, kwa kawaida hutaka kinga ya virusi izimwe. Fundi mwenye haraka anaizima, anaendesha faili lililoandikwa na mtu asiyemjua, analipa mamlaka yote juu ya mashine, kisha anamkabidhi mwalimu aingie benki na baruapepe yake. Kumekuwa na nakala za programu hizo zilizobeba virusi vya kuiba maneno ya siri. Mteja haambiwi. Anaona tu maneno ya kijivu yameondoka kwenye kona.

Kwenye mashine ya mwalimu wetu, kioo kinasema Windows 10 Enterprise, leseni ya jumla, muda umekwisha. Mazabodi inasema kitu kingine: kuna ufunguo wa Pro, wa kiwandani, ambao ofisi ile iliufunika kwa leseni yake siku ya kwanza. Umekaa humo miaka yote bila kuguswa. Kwa bei ya Microsoft nchini Marekani, Windows Home huuzwa dola 139 na Pro karibu dola 200, fedha ambayo Kariakoo inakaribia kununua mashine nzima ya mtumba. Mama alikuwa akipanda daladala nayo begani.

Sasa fundi anaweza kuigusa fleshi, lakini si kabla ya jambo moja la mwisho. Mashine za kisasa huweza kuwa zimefunga diski kwa BitLocker, kufuli la diski la Windows, na nyingine hujifunga zenyewe mwenye nazo anapoingia kwa akaunti ya Microsoft. Ukibadilisha mipangilio ya BIOS au ukahamisha diski, kioo kitadai ufunguo wa uokoaji wa tarakimu 48, na bila huo mafaili yamekwenda. Kwa hiyo anakagua kama diski imefungwa, na kama imefungwa anautafuta ufunguo huo kwenye akaunti ya mteja wakati Windows ya zamani ingali inawaka. Pia anauliza kuhusu Office, kwa kuwa leseni yake ni nyingine kabisa na haimo kwenye mazabodi hiyo.

Fleshi yake nayo ina heshima yake. Imetengenezwa kutoka faili halisi la Microsoft, halijapunguzwa wala kuongezwa kitu. Faili la namna hiyo lina tabia nzuri: likikuta ufunguo kwenye MSDM linausoma lenyewe na kusimika toleo linalostahili, bila kumuuliza fundi ufunguo wala toleo. Fleshi zilizopikwa mtaani hulazimisha Pro kwa kila mashine, hata iliyo na haki ya Home au Home Single Language, kisha mashine inagoma kuidhinishwa, kisha programu ya kuchakachua inaitwa kuja kumaliza tatizo lililotengenezwa na fleshi yenyewe. Kurasa zinazorukwa kwenye kioo ndizo zinazomwambia fundi wetu kwamba amefanya kazi sawasawa. Akiunganisha intaneti na ukurasa wa uidhinishaji ukakubali, anaandika kwenye karatasi ya mteja: Pro, ya kiwandani, ipo kwenye mazabodi. Anamwongezea alama tano za mwisho za ufunguo, zamtosha fundi atakayefuata kuutambua.

Mazoea ya kudharau leseni yana mizizi yake, na si haki kumtupia lawama zote kijana wa fremu. Kompyuta ya kwanza Tanzania iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974, baada ya hesabu za serikali kuvurugika kwenye mashine, serikali ikazuia kuingiza kompyuta nchini bila kibali. Kizuizi kililegezwa polepole hadi miaka ya 1990. Mlango ulipofunguka, programu zilifika mtaani kwenye sidii za kunakili. Ufunguo wa Windows XP ulioanza na FCKGW ulivuja kabla mfumo wenyewe haujazinduliwa rasmi Oktoba 2001, na mafundi wa kila bara wakaukariri. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, iliyounda COSOTA, taasisi ya hakimiliki nchini, inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu na muziki. Hata hivyo kwa mtaa sheria ilibaki maneno ya ofisini, kwa sababu hakuna aliyemwonyesha mtu wa kawaida kwamba na yeye ni mwenye haki ndani yake. Wengi walielewa leseni kuwa ni kitu cha Microsoft. Fundi anayeisoma MSDM mbele ya mteja anamwonyesha kwamba ni kitu cha mteja.

Ufundi huu unazidi kuhitajika sasa. Msaada wa Microsoft kwa Windows 10 ulikoma 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni, vitu ambavyo mashine nyingi za mtumba hazina. Wateja watakuja kwa wingi kutaka wapandishwe, na njia za mkato ni nyingi. Kuna mashine ambayo ina leseni halali lakini haina vifaa. Kuna yenye vifaa lakini leseni yake imefukiwa. Kuna ambayo kwayo jibu la kweli ni Linux, isiyodai ufunguo kabisa. Kujua ipi ni ipi kunaanza na dakika zilezile za kutazama kabla ya kufuta.

Dakika hizo ndizo ambazo soko halijazipangia bei. Kupiga Windows kuna bei inayojulikana korido nzima; kutafuta leseni hakuna, na kwa hiyo anayeitafuta anajipunja kila siku mbele ya jirani yake anayemaliza wateja watatu wakati yeye ana mmoja. Ukipanda ngazi hizo na mashine yako, muulize fundi kabla hajachomeka chochote: "Leseni yangu iko wapi?" Anayejua kazi atakuwa na jibu la kukuonyesha: iko kwenye stika, iko kwenye mazabodi, iko kwenye akaunti yako, au haipo, na kama haipo atakuambia hivyo bila kuficha. Akikuonyesha, usimpunguzie bei kwa kuwa "amekaa tu anatazama." Mlipe na huko kutazama.